Msiri wa Bunkeya: walikuja kutafuta dhahabu, wakaondoka na kichwa chake

Kwetu Kasapa, kwenye barabara inayoenda chuo kikuu, kuna kijana mmoja anayeuza uniti za simu chini ya mwavuli. Mwanzo wa kiangazi aliniuliza kama radio inaweza kumuonyesha njia nzuri ya kufika Bunkeya. Nilifikiri ana ndugu kule. Kumbe hapana. Yeye na wenzake wawili walikuwa wanachanga franka juu ya kununua mashine ya kutafutia dhahabu ndani ya udongo. Mtu fulani aliwaambia kama Msiri, mwami wa zamani wa Wayeke, alificha dhahabu yake ndani ya kilima cha Bunkeya wakati wazungu walikuwa karibu kumuua, na kama mpaka leo hakuna aliyeiona. Mmoja wa wale vijana alikuwa tayari ameacha masomo.

Sikumcheka. Karibu kila mtoto wa Katanga amesikia kipande cha habari ya Msiri: wengine walisikia juu ya kichwa chake, wengine juu ya wake zake wengi, wengine juu ya mali yake. Lakini vipande tunavyobeba havishikani. Njo maana nilichukua siku tatu, nikaenda mwenyewe Bunkeya, na kiisha nikakaa na vitabu vya historia. Haya hapa ni maisha ya yule mtu tangu mwanzo, na ndani yake ile dhahabu pia, juu ya dhahabu inaingia kweli katika habari hii, ila si kwa namna vijana wetu wanavyofikiri.

Njia ya kwenda Bunkeya

Kutoka Lubumbashi unafuata lami mpaka Likasi. Usiku na mchana unapishana na malori mazito ya mukuba. Nyuma ya Likasi unaacha lami, unageuka upande wa kaskazini, na hapo safari ya kweli njo inaanza. Kiangazi mavumbi mekundu yanaingia mpaka ndani ya meno. Wakati wa mvua ni matope, na gari linaweza kulala njiani. Pande zote ni pori la miombo, vichuguu vikubwa kama nyumba, na magunia ya makala yanayongoja mnunuzi kando ya barabara.

Bunkeya leo iko katika jimbo la Lualaba, territoire ya Lubudi. Ni mji mdogo, wenye nyumba za matofali, miti ya maembe, na kilima kinachoutazama. Mgeni anaanza kwanza kwa watu wa mwami, anaeleza kilichomleta, anaomba ruhusa. Ukishapewa, wanakuonyesha makaburi ya wami wa Wayeke. Nilisimama mbele ya kaburi la wa kwanza wao. Mzee aliyenisindikiza alipiga makofi taratibu, akainama, akanyamaza kidogo. Kiisha akanikumbusha jambo ambalo Wayeke wote wanajua: mtu aliyelala pale amelala bila kichwa.

Mtoto wa Kalasa

Msiri hakuzaliwa Katanga. Alizaliwa karibu mwaka 1830 katika inchi ya Wasumbwa, ndugu wa Wanyamwezi, upande wa Tabora, kule ambako leo tunaita Tanzania. Jina lake lilikuwa Ngelengwa. Baba yake, Kalasa, alikuwa mfanyabiashara wa misafara. Alivuka mbali kuja huku kununua mukuba, na alifanya urafiki na machifu wa huku.

Wengi wetu tunafikiri mukuba ulianza na wazungu. Hapana. Mamia ya miaka mbele yao, watu wa huku walichimba jiwe la kijani, malakiti, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakawasha makala, wakavuta mivukuto ya ngozi, na mukuba ukashuka mwekundu kama damu. Walimimina ndani ya kanuni zenye umbo la msalaba. Ile misalaba ilitembea mbali sana kama feza. Kazi ilifanywa kiangazi, kiisha mavuno, na wafuaji walikuwa na mafundi wakubwa na miiko yao.

Ngelengwa alifuata nyayo za baba yake. Katika miaka ya 1850 alifika na watu wake na bunduki chache, akaomba kukaa. Bunduki chache wakati ule zilikuwa kitu kikubwa. Chifu Mpande wa Wasanga alikuwa anasumbuliwa na Waluba, na mgeni akamsaidia kuwafukuza. Polepole mgeni akawa rafiki, rafiki akawa mkwe, mkwe akawa bwana. Watu wake waliitwa Wayeke, jina la chama cha wawindaji wa tembo kule walikotoka. Na yeye mwenyewe akaanza kuitwa Msiri, ao Mushidi kama wanavyotamka wengine.

Wanahistoria wanaandika kwamba Wayeke hawakuleta bunduki tu. Walileta viazi vitamu, walileta ufundi wa kuvuta mukuba uwe waya mwembamba wa bangili, na walijua namna ya kuchanja watu juu ya ndui, mbele ya daktari yeyote wa kizungu kufika huku.

Mwami wa Garenganze

Ndani ya miaka kama thelathini, Msiri alijenga ufalme mkubwa ulioitwa Garenganze. Upande wa mashariki aliwanyang'anya watu wa Mwata Kazembe inchi zote zilizo ng'ambo hii ya mto Luapula. Upande wa kaskazini alisukumana na Waluba, upande wa magharibi na Walunda. Karibu mwaka 1880 aliweka mji mkuu wake Bunkeya. Wageni waliofika kule waliona mji mkubwa kuliko yote waliyopita njiani, vijiji vikifuatana na vijiji katika bonde zima.

Nguvu yake ilikuwa biashara, na biashara yake ilitazama bahari mbili. Misafara ya Wasumbwa na Waswahili ilitoka mashariki, kupitia Tabora na ziwa Tanganyika. Misafara ya Waovimbundu wa Bihe ilitoka magharibi, Benguela, kwenye pwani ya Angola. Huko na huko alitoa pembe za tembo, mukuba, chumvi na watu. Huko na huko alipokea bunduki, baruti, nguo na shanga. Mfanyabiashara mmoja akimkatalia bei, aligeuka upande mwingine. Hakuna chifu mwingine wa huku aliyejua kuchezesha bahari mbili kwa mkono mmoja namna ile.

Alitawala pia kwa ndoa. Wageni walihesabu wake zake kwa mamia. Alioa katika kila ukoo mkubwa, na wengi wa wake wale walikuwa masikio yake vijijini. Mmoja wao, Maria da Fonseca, alikuwa wa jamaa ya mfanyabiashara wa Kireno kutoka Angola, Coimbra. Kwa njia yake, bunduki za pwani ya magharibi zilifika.

Lakini tusimtengeneze kuwa mtakatifu. Nimesema aliuza watu, na ni kweli. Wazee wa Wasanga, Walamba na wengine wana kumbukumbu zao juu ya Msiri, na si zote nzuri. Kodi ilikuwa nzito, adhabu ilikuwa kali. Wamisionari waliokaa kwake waliona mafuvu ya watu yamechomekwa juu ya miti ya ua wake. Mwisho wa utawala wake Wasanga walichoka, wakaasi, wakafunga njia za misafara na kuchoma vijiji. Mwaka 1891 Bunkeya ilikuwa na njaa, baruti ilikuwa inakwisha, na mwami alikuwa mzee wa miaka kama sitini. Ukitaka kuelewa namna alianguka, shika hii kwanza: nyumba ilikuwa tayari ina nyufa wakati adui alibisha hodi.

Habari ya dhahabu

Sasa tufike kwenye ile dhahabu.

Mwingereza Verney Lovett Cameron alivuka Afrika toka pwani ya Zanzibar mpaka Benguela, kati ya mwaka 1873 na 1875. Hakufika kwa Msiri, lakini njiani wafanyabiashara walimwambia kuhusu Katanga na mali yake: mukuba, na pia dhahabu. Aliandika kitabu, kitabu kikasomwa Ulaya, na neno likaanza kutembea. Kila aliyelibeba aliliongezea kidogo. Ilipofika miaka ya 1890, matajiri wa London na Brussels walikuwa wanasema juu ya dhahabu ya Katanga kama watu waliokwisha kuishika mikononi.

Wakati ule ule, kule kusini, Cecil Rhodes alikuwa anasukuma kampuni yake kuelekea kaskazini. Na mfalme Leopold wa pili wa Ubelgiji alikuwa tayari ameiweka Katanga ndani ya karata ya Inchi Huru ya Kongo tangu mwaka 1885, bila mtumishi wake hata mmoja kuwa amemuuliza Msiri. Karata ilichorwa Ulaya. Mwenye inchi alikuwa Bunkeya anakula bukari yake, hajui kama ameshauzwa.

Mwaka 1886, mwezi wa Februari, alikuwa amefika mmisionari wa kwanza, Frederick Stanley Arnot, kijana kutoka Scotland. Msiri alimpokea, akamuacha akae, na kiisha wakaja wenzake, Charles Swan na William Faulknor, na baadaye Dan Crawford. Wale wamisionari hawakuwa na nguvu yoyote, waliishi chini ya mkono wa mwami, lakini walijua kusoma. Na Arnot alimuachia Msiri shauri moja la maana: asitie alama juu ya karatasi ya mzungu mbele ya kutafsiriwa yote.

Shauri hilo lilitumika mwezi wa Novemba 1890. Alfred Sharpe alifika kwa niaba ya kampuni ya Rhodes, ana karatasi ya mapatano na zawadi kidogo. Swan akatafsiri. Msiri akaelewa kama anaombwa kutoa inchi yake, akakasirika, akamrudisha Sharpe mikono mitupu. Aprili 1891 akafika Paul Le Marinel, mtumishi wa Leopold. Huyu aliruhusiwa kuacha kituo kidogo kwenye mto Lofoi, chini ya Legat, lakini bendera Msiri hakuikubali. Oktoba mwaka ule akafika Alexandre Delcommune, na jibu likawa lile lile.

Mara tatu ndani ya mwaka mmoja mtu mzima huyu alikataa. Lakini alikuwa anahitaji baruti kupigana na Wasanga, na alijua kwamba mmoja wa wale wazungu atarudi na bunduki. Basi akabadili mawazo, akaandikisha barua ya kumuita Sharpe arudi. Ile barua haikufika. Njiani iliangukia mikono ya mtu mwingine, aliyekuwa anakuja na jeshi.

Wiki ya mwisho

Mtu huyo aliitwa William Grant Stairs. Alikuwa Mkanada, kapiteni, umri wa miaka 28, aliyelipwa na kampuni ya Katanga iliyoundwa Brussels. Aliongozana na wazungu wengine wanne: Omer Bodson, Mbelgiji, markizi Christian de Bonchamps, Mfaransa, Joseph Moloney, daktari, na Thomas Robinson, seremala. Nyuma yao walifuata zaidi ya watu mia tatu, askari na wapagazi, wengi wao kutoka Zanzibar.

Waliondoka pwani mwezi wa Julai 1891. Walipita Tabora, wakavuka ziwa Tanganyika kutoka Karema, wakaingia upande wetu. Ndugu zetu wa Kalemie na Moba wataona kama waliguswa wa kwanza. Na ukitazama vizuri, ni karibu njia ile ile Kalasa na mwanawe walipita zamani kufuata mukuba. Njia iliyomleta Msiri njo ilileta kifo chake. Na wengi wa wale waliobeba bunduki na mizigo walisema lugha hii unayosoma sasa. Kiswahili kilikuwa kimeshafika Bunkeya na misafara. Siku ile kilifika na jeshi.

Stairs aliingia Bunkeya tarehe 14 Desemba 1891. Siku chache walizungumza. Msiri aliomba baruti, Stairs aliomba bendera. Mwami alitaka kuvuta siku, kama alivyofanya na wengine. Stairs hakuwa na muda: chakula hakikuwako, na aliogopa Waingereza. Tarehe 19 Desemba akapandisha bendera ya Leopold juu ya kilima bila ruhusa. Usiku ule Msiri akatoka Bunkeya, akaenda kwenye kijiji cha Munema, karibu na hapo.

Asubuhi ya tarehe 20, Bodson na Bonchamps walitumwa na askari kama mia moja kumleta. Bodson aliingia ndani ya ua na watu wachache tu. Alimkuta Msiri kati ya watu wake, ana upanga. Yaliyosemwa pale kila upande unayasimulia kwa namna yake. Lakini mwisho ni mmoja: Bodson alifyatua bastola yake, Msiri akaanguka, na papo hapo mtu wa mwami akampiga Bodson risasi ya tumbo. Mwami alikufa pale pale. Bodson alikufa siku ile ile.

Hivi njo ulianguka ufalme ulioshika bahari mbili, asubuhi moja, ndani ya ua wa kijiji.

Kichwa

Bonchamps mwenyewe baadaye aliandika kama walikata kichwa cha mwami na kukichomeka juu ya mti, watu waone kwamba kweli amekufa. Yule aliyekuwa amechomeka vichwa vya watu wengine, kichwa chake nacho kikafanyiwa vile. Wengine wanaona hapo hukumu, wengine wanaona aibu ya waliojiita wanakuja kuleta ustaarabu. Mimi naona zote mbili.

Mwili ulirudishwa kwa watu wake, ukazikwa. Kichwa hakikurudishwa. Masimulizi ya Wayeke yanasema kilitiwa ndani ya debe la petroli na kubebwa, na kila aliyekibeba alikufa njiani, mmoja kiisha mwingine. Wengine wanasema kilizikwa chini ya kilima upande wa Zambia. Wengine wanasema kilifika Ulaya. Stairs mwenyewe aliugua, akabebwa kwenye machela, na alikufa kwa malaria tarehe 9 Juni 1892 kule Chinde, kwenye mdomo wa mto Zambezi, mbele ya kupanda meli ya kurudi. Watu wa huku hawakushangaa. Kwao, kichwa kilikuwa kinafanya kazi yake. Lakini Bonchamps aliishi miaka mingi, basi laana, kama ilikuwako, haikumshika kila mtu.

Jambo kama hili halikutokea Bunkeya peke yake. Miaka saba mbele, Desemba 1884, chifu Lusinga wa Watabwa, kule upande wa ziwa Tanganyika, aliuawa na watu wa Mbelgiji Émile Storms. Kichwa chake kilikatwa, na fuvu likapelekwa Ubelgiji, ambako liliwekwa Brussels katika taasisi ya sayansi ya asili. La Lusinga angalau linajulikana liliko. La Msiri mpaka leo ni masimulizi tu.

Na sisi wa Lubumbashi tunajua vizuri maana ya mwili usiokamilika. Mwezi wa Juni 2022 tulipokea hapa jeneza la Patrice Lumumba, aliyeuawa karibu na mji huu tarehe 17 Januari 1961. Ndani yake kulikuwa jino moja tu, kitu pekee kilichobaki. Na katika serikali ya Katanga ya wakati ule, waziri wa mambo ya ndani alikuwa Godefroid Munongo, mtu wa ukoo wa Msiri, ambaye mwaka 1976 akawa mwami wa Wayeke, akafa mwaka 1992. Historia yetu haigawanyi watu kwa urahisi, huyu mwema, huyu mbaya. Familia iliyolia kichwa chake imo pia katika habari ya mwili mwingine uliopotezwa.

Yaliyofuata

Mukanda-Bantu, mwana wa Msiri, alishika nafasi ya baba yake chini ya bendera mpya. Ufalme mkubwa ukabaki eneo dogo. Maria da Fonseca, yule mke wa jamaa ya Wareno, alishtakiwa kama alimsaliti mwami, akauawa. Wayeke walihama karibu na kituo cha Lofoi, wakapigana pamoja na wazungu juu ya kuwatuliza Wasanga. Mukanda-Bantu alikufa mwaka 1910. Baadaye Wayeke walirudi Bunkeya, na kila tarehe 20 Desemba wanakusanyika kule kukumbuka ile siku, kwa ngoma na mavazi ya zamani. Ukiweza kwenda, nenda. Ni tarehe ambayo wakaaji wengi wa mji wetu wanapita bila kujua.

Na dhahabu? Mwanzo wa mwaka 1892 ulifika msafara mwingine wa kampuni ile ile, wa Bia na Francqui. Ndani yake alikuwako Jules Cornet, mjuzi wa mawe. Alizunguka Katanga kwa miguu, akapima, akaandika. Mukuba aliuona kila mahali, hata akashindwa kuuhesabu. Dhahabu iliyowatoa watu wale Ulaya hakuiona. Baadaye ilipatikana kidogo kule Ruwe, karibu na Kolwezi. Dhahabu nyingi ya inchi hii ilikuwa mbali sana na Bunkeya, kule Ituri na Uele, Kilo na Moto, ambako Msiri hakuwahi kukanyaga.

Maana yake ni hii: Msiri hakuficha dhahabu, juu ya hakuwa nayo. Alikuwa na pembe, chumvi, watu na mukuba. Ile dhahabu ilikuwa ndani ya vichwa vya watu wa mbali.

Lakini mukuba ulikuwa kweli. Mwaka 1906 ikaundwa Union Minière. Mwaka 1910 ukaanzishwa mji wa Élisabethville, Lubumbashi yetu, karibu na mgodi wa Kalukuluku, ule wazungu waliita Étoile. Mwaka 1911 tanuru ya Lubumbashi ilitoa mukuba wake wa kwanza. Bomba lile refu la Gécamines na kilima cheusi cha masizi tunachokiona kutoka kila mtaa ni alama ya kazi ile. Mwaka 1960 misalaba mitatu ya mukuba ikachorwa juu ya bendera ya Katanga, misalaba ile ile mafundi wa zamani walimimina kwenye vichuguu. Na malori niliyopishana nayo kwenye lami ya Likasi yanaendelea kuubeba.

Kurudi Kasapa

Mbele ya kuondoka Bunkeya niliangalia sana kile kilima. Si kirefu. Kina majani, mawe, na mbuzi. Niliona mashimo mawili ao matatu mapya, ya jembe. Mzee hakupenda niyazungumzie. Kwake, anayechimba pale anachimba karibu na makaburi ya wakubwa wake.

Niliporudi Kasapa nilikaa na yule kijana chini ya mwavuli wake, nikamwambia nilichokuta. Nilimwambia kama wazungu watano na watu mia tatu walitembea miezi mitano juu ya ile dhahabu anayoitafuta, na wakaipata paka kwenye masimulizi. Nilimwambia kama kitu kilichopotea Bunkeya si mali, ni kichwa cha mtu mzee, na kama mali yenyewe haikufichwa hata siku moja: inapita mbele yetu kila usiku juu ya magurudumu, na shule nyingi za mtaa bado hazina mabenchi. Alisikiliza. Aliuliza kama ni kweli kwamba hapo zamani watu wa huku walijua kuyeyusha jiwe wenyewe, bila kiwanda. Nikamwambia ndiyo. Alifikiri sana juu ya hilo, kuliko juu ya dhahabu.

Feza za mashine bado ziko kwa mwenzao mmoja. Sijui watafanya nazo nini. Yule aliyeacha masomo, nimesikia kama ameenda kuuliza bei ya kurudia mwaka.

Wewe unayetusoma toka Bukavu, Kalemie, Bunia ao Kolwezi, ukiwa na mzee nyumbani anayejua masimulizi ya Msiri, ya upande wa Wayeke, wa Wasanga ao wa wale waliouzwa, mkalishe, umsikilize, uandike. Na ukipita Lubumbashi, njoo naye studio. Tutamuwekea kiti.